Kiango cha Vibano katika Kiwanda cha Seremala

Leo nitazungumza na wale wapendao kazi ya mbao, wakubwa kwa watoto wa shule, hasa wale ambao kiwanda chao ni upenu tu nyuma ya nyumba. Habari yenyewe ni ya vibano, yaani vile vyuma vyenye parafujo vibanavyo mbao mbili pamoja mpaka gundi ikauke. Mafundi wengi huviita klampu. Jinsi ya kuvikaza mwajua. Nataka kusema juu ya mahali pa kuviweka.

Huenda mtu akacheka kusikia maneno haya, akasema, "Chombo cha chuma hakiozi, kitupe pembeni, kitakaa." Nami nilikuwa na mawazo hayo hayo, mpaka siku moja nilipokuwa nikitengeneza mlango wa jiko la jirani yangu. Ndimi zote nilikuwa nimekwisha kuzichonga, zikaingia katika matundu yake vizuri. Nikapasha moto sherisi, nikapaka, nikaunganisha, nikakaza kibano cha kwanza, na cha pili, na cha tatu. Cha nne sikukiona. Nilitafuta chini ya meza, nyuma ya mbao, hata ndani ya nyumba, na mwisho nikakikuta uani kimetegemezwa kwenye mlango wa banda la kuku usifunguke. Niliporudi sherisi imekwisha kuganda, na kiungo kimoja kiko wazi upana wa ukucha. Nilikaza kwa nguvu zangu zote, lakini gundi iliyoganda haisukumiki. Masika yalipokuja mlango ule ukalegea pembe ile ile, nami nikaufanya upya bila malipo.

Basi hapo ndipo penye jambo. Sherisi, ambayo hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, hushika kwa kupoa. Ikitoka chunguni ni maji maji, na ikikutana na mti baridi huanza kuganda katika muda wa dakika moja au mbili. Gundi nyeupe ya dukani haina haja ya moto, nayo humngoja fundi zaidi, lakini siku ya jua na upepo haitamngoja hata dakika kumi. Kwa hiyo tangu brashi igusapo mti, fundi hana nafasi ya kutafuta kitu. Kila kibano yapasa kiwe mahali ambapo mkono utakifikia bila macho kugeuka.

Sasa tufanye hesabu kidogo kabla ya kushika msumeno. Kibano kirefu chenye bapa la chuma la mita moja na robo huwa na uzito upatao kilo tatu na nusu. Vibano kumi ni kilo 35, nao ni mzigo wa kutosha kung'oa misumari ukutani. Na hatari haitokani na uzito peke yake, ila na mahali uzito unapoegemea. Vikining'inia sentimita 10 mbele ya ukuta, huwa kama mtu ashikaye mtarimbo: makali ya chini ya kiango husukuma ukuta, na sehemu ya juu hutaka kutoka. Kama ubao wa nyuma ni mfupi, na parafujo zake ziko sentimita 5 tu juu ya makali ya chini, zitavutwa kwa nguvu ya kilo 70. Lakini ukiutumia ubao mrefu kwenda juu, na parafujo za juu zikawa sentimita 35 kutoka makali ya chini, mvuto hupungua ukawa kilo 10. Mzigo ni ule ule, ukuta ni ule ule. Ndiyo sababu nasema ubao wa nyuma uwe na kimo cha sentimita 40, wala mtu asiuone kuwa ni kupoteza mbao.

Mbele ya ubao huo tutatia vidole vya mti vyenye umbo la pembetatu, vikitokeza sentimita 15, na bapa la kila kibano litaingia katikati ya vidole viwili, taya lake likikaa juu yake. Watu wengi hupenda kufanya njia fupi zaidi: huchukua ubao mmoja mrefu, wakaukata mapengo kama kitana, wakaupigilia ukutani kama rafu. Mimi nilifanya hivyo mara ya kwanza, na meno matatu yakavunjika kabla ya mwaka kuisha. Nyuzi za ubao ule zilikwenda sambamba na ukuta, kwa hiyo kila jino lilikuwa na nyuzi fupi za kukatiza, nazo hupasuka kama biskuti. Kidole kimoja kimoja kikatwe peke yake, nyuzi zifuate ule upande mrefu wa pembetatu, kutoka ncha ya mbele juu mpaka ncha ya chini ukutani. Hapo mti hubeba kwa nguvu zake za asili.

Mti wenyewe uwe mgumu. Mvule ni mzuri sana, maana mchwa hauupendi. Mninga nao wafaa. Unene wa kidole uwe sentimita 5. Kabla ya kupanga nafasi, pima vibano vyako mwenyewe, usifuate vipimo vyangu kama sheria. Ikiwa bapa lina unene wa milimita 8, nafasi iwe milimita 12, liingie bila kusukumwa. Chonga kipande cha mti chenye unene huo, ukiweke kati ya kidole na kidole unapovifunga, na nafasi zote zitakuwa sawa pasipo kupima tena. Kwa vibano kumi wahitaji vidole kumi na kimoja, na vidole pamoja na nafasi vitachukua sentimita 67. Ubao wa sentimita 70 watosha. Kila kidole kishikwe kwa gundi na parafujo mbili ndefu zipitishwazo kutoka nyuma ya ubao, moja karibu na juu na moja chini. Toboa kwanza kwa keekee, maana mvule mkavu hupasuka ukilazimishwa.

Jambo dogo ambalo wengi husahau: uso wa juu wa kidole usiwe sawasawa na pimamaji. Mbele pawe juu kuliko nyuma kwa sentimita moja. Bila mwinamo huo, siku moja utagonga meza kwa nyundo, na kibano kitatelemka mguuni pako.

Vile vibano vifupi vyenye umbo la herufi G havihitaji vidole. Tia chini ya kiango upapi wa mti mgumu uliotengwa na ukuta kwa vipande viwili vya mti, uvitundike hapo kwa mgongo wao na kuvikaza kidogo tu. Na fundi ambaye badala ya vyuma hutumia kabari na kamba ya kusokotwa kwa kijiti, naye avipatie msumari wake hapo hapo, kwa kuwa sherisi haimngoji yeye zaidi ya mwingine.

Kuhusu ukuta. Nyumba ya udongo na fito haiwezi kushika parafujo, hata ziwe ndefu namna gani; tafuta nguzo mbili za nyumba, ufunge ubao kwenye nguzo zenyewe. Kama nguzo ziko mbali, ongeza mbao mbili za kusimama toka sakafuni, ili ardhi ichukue uzito na ukuta uzuie tu kuanguka. Ukuta wa matofali au wa mawe ya pwani hutobolewa, ukatiwa vigingi, na parafujo zikaingia humo.

Wakaao karibu na bahari wajihadhari na kutu. Paka nta ya mshumaa juu ya meno ya parafujo za vibano. Usipake mafuta, maana yatafika kwenye mti, na mahali penye mafuta gundi haishiki. Chuma kitupu kikigusa gundi mbichi juu ya mti wenye maji makali huacha doa jeusi ambalo randa huliondoa kwa shida. Kwa hiyo weka karatasi katikati.

Kiango kitakapokuwa tayari, kisifungwe mahali palipo wazi tu. Simama mbele ya meza yako ya kazi kama mtu aliyeshika brashi, unyoshe mkono wa pili bila kusogeza miguu. Mkono unapogusa ukuta, tia alama ya kalamu hapo.