Tiba ya Akili kwa Njia ya Intaneti: Mafunzo kutoka Kaskazini ya Kanada

Kaskazini kabisa ya bara la Amerika, mahali ambapo miti haioti na bahari huganda kwa miezi mingi ya mwaka, liko eneo la Kanada liitwalo Nunavut. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo milioni 2, yaani zaidi ya mara mbili ya Tanzania nzima. Hata hivyo, katika hesabu ya watu ya mwaka 2021 wakazi wake wote walikuwa 36,858 tu. Wengi wao ni Wainuit, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, nao wanaishi katika miji midogo na vijiji 25. Hakuna barabara inayounganisha kijiji kimoja na kingine. Anayesafiri hupanda ndege, na mizigo mizito huletwa kwa meli katika majira mafupi ya kiangazi, barafu inapoyeyuka.

Kijiji kilicho kaskazini kuliko vyote, Grise Fiord, kilikuwa na watu 144 katika hesabu hiyo. Huko jua likizama karibu na mwanzo wa Novemba halichomozi tena mpaka Februari.

Karibu kila kijiji kina kituo cha afya chenye wauguzi. Lakini daktari wa magonjwa ya akili, au mwanasaikolojia aliyesomea tiba ya mazungumzo, kwa kawaida yuko mbali. Kutoka Iqaluit, makao makuu ya Nunavut, hadi Ottawa ni kilomita zipatazo 2,100. Je, mtu aliyeelemewa na sonona, yaani huzuni nzito isiyomwondoka, au aliyeshikwa na wasiwasi uliokithiri, atapataje msaada bila kuihama nyumba yake? Jibu mojawapo ni kumkutanisha na mtaalamu kwa njia ya intaneti. Katika makala haya tutaona jinsi jibu hilo linavyofanya kazi, na mahali linapokwama.

Jeraha na chanzo chake

Haja yenyewe ni kubwa. Takwimu za serikali ya Kanada za miaka ya 2011 hadi 2016 zinaonyesha kwamba, kati ya kila Wainuit 100,000, watu wapatao 72 walijiua kila mwaka. Kwa raia wasio wenyeji wa asili idadi ilikuwa 8. Tofauti hiyo ni ya mara tisa, na waliopotea wengi ni vijana. Mwezi Oktoba 2015 serikali ya Nunavut ilitangaza rasmi kwamba jambo hilo ni janga, na mwaka 2016 chama cha taifa cha Wainuit kilitoa mpango wake wa kulizuia.

Mwanafunzi wa sayansi asikimbilie kudhani kwamba chanzo ni giza la majira ya baridi au damu ya watu hao. Wainuit wameishi katika giza na baridi hiyo kwa karne nyingi, na kabla ya miaka ya 1970 vifo vya namna hii vilikuwa vichache miongoni mwao. Kilichobadilika ni maisha. Katikati ya karne ya 20 jamii zilizokuwa zikihamahama kufuata wanyama ziliwekwa katika vijiji vya kudumu, na watoto wengi wakapelekwa katika shule za bweni ambako lugha yao ilikatazwa. Grise Fiord yenyewe ilianza mwaka 1953, serikali ilipozihamishia huko familia kutoka kusini zaidi. Serikali iliomba radhi kwa tendo hilo mwaka 2010.

Hata tiba iliacha kovu. Kifua kikuu kilipoenea, meli ya serikali ilipita vijijini, ikapima watu na kuwachukua waliougua hadi hospitali za kusini. Kufikia mwaka 1956, takribani Muinuit mmoja katika kila saba alikuwa amelazwa huko. Wapo waliokaa miaka, na wapo waliofia huko bila jamaa zao kujua walizikwa wapi. Waziri Mkuu wa Kanada alikwenda Iqaluit mwezi Machi 2019 kuomba radhi. Kwa hiyo mzee wa Nunavut anapoambiwa kwamba mjukuu wake atapelekwa kusini kutibiwa, husikia zaidi ya habari za tiketi ya ndege. Tiba inayomfuata mgonjwa alipo ina maana ya pekee katika nchi kama hiyo.

Setilaiti na nusu ya sekunde

Wazo la kumtibu mtu akili kutoka mbali si geni. Mwaka 1959, katika Chuo Kikuu cha Nebraska nchini Marekani, madaktari walianza kuendesha tiba ya vikundi kwa televisheni ya pande mbili. Kanada nayo ilirusha Anik A1 mwezi Novemba 1972. Hiyo ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani ya aina yake kwa mawasiliano ya ndani ya nchi moja, na jina lake katika lugha ya Kiinuktitut lina maana ya ndugu wa kiume. Kwa njia yake simu na televisheni zilifika vijiji vingi vya kaskazini.

Setilaiti ya namna hiyo huzunguka juu ya ikweta, kimo cha kilomita zipatazo 36,000, ikienda sawasawa na mzunguko wa dunia. Kwa mtazamaji aliye chini, huonekana kama imesimama. Mtu wa Nairobi au Kampala aweza kuelekeza sahani ya antena yake karibu utosini. Lakini kadiri mtu anavyokwenda kaskazini, ndivyo setilaiti inavyoshuka kuelekea upeo wa macho. Pale Grise Fiord, kwenye latitudo ya nyuzi 76, haipandi hata nyuzi tano juu ya upeo. Kilima kidogo chatosha kuizuia.

Tatizo la pili ni muda. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Safari ya kupanda na kushuka ni kilomita 72,000, nayo huchukua sekunde 0.24. Jibu likirudi kwa njia ileile, muda hufika karibu nusu ya sekunde, bila kuhesabu ucheleweshaji wa mitambo. Kwa barua si kitu. Kwa mazungumzo ya tiba ni jambo zito. Mgonjwa anaponyamaza kidogo, ukimya wake una maana, na mtaalamu aliyefunzwa huusikiliza kama anavyosikiliza maneno. Nusu sekunde ikiingia katikati, hajui kama mwenzake anafikiri, analia, au sauti bado iko njiani. Wawili hao huanza kusema kwa pamoja, kisha wote hunyamaza.

Picha nayo hudai mtandao mpana. Wainuit wengi huitikia “ndiyo” kwa kuinua nyusi bila kutamka neno, na hukataa kwa kukunja pua. Picha ikiganda au ikififia, mtaalamu wa kusini huona mtu asiyejibu, kumbe amekwisha kujibiwa.

Tena, nchi inayotegemea chombo kimoja angani iko mashakani. Tarehe 6 Oktoba 2011 setilaiti Anik F2 ilipoteza mwelekeo wake. Jamii nyingi za kaskazini zilikosa simu na intaneti kwa saa nyingi, na safari za ndege zikaahirishwa.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, setilaiti ndogo zinazozunguka katika kimo cha kilomita zipatazo 550 zimeanza kutumika Nunavut. Ni maelfu kwa idadi, na moja ikitua nyuma ya upeo nyingine huwa imekwisha kuchomoza. Kwa kimo hicho safari ya kupanda na kushuka haifiki hata sekunde 0.01. Pingamizi la nusu sekunde linaondoka, ingawa vyombo na ada yake ya kila mwezi bado ni mzigo kwa familia maskini.

Jinsi tiba inavyofanyika

Tiba inayotolewa zaidi kwa intaneti ni tiba ya fikra na mwenendo, iliyokuzwa na daktari wa Marekani Aaron Beck kuanzia miaka ya 1960. Msingi wake ni kwamba fikra, hisia na matendo hufungamana. Mwenye sonona huwaza, “Sifai kitu.” Kwa sababu hiyo haendi kuvua samaki na wenzake, na kwa kuwa haendi, siku yake huwa tupu, na ile fikra huzidi nguvu. Mtaalamu humfundisha kuiandika fikra hiyo, kuipima kwa ushahidi, na kuanza tendo moja dogo. Tendo likifanikiwa, duara lile huanza kulegea.

Njia ni mbili. Kwanza, mgonjwa na mtaalamu huonana kwa picha na sauti, kila mmoja mahali pake. Pili, mgonjwa husoma masomo yaliyopangwa kwa majuma kadhaa, hufanya mazoezi, na mtaalamu humwandikia au kumpigia simu kila juma. Chuo Kikuu cha Regina, katika jimbo la Saskatchewan, kimekuwa kikitoa huduma ya aina hii ya pili tangu mwaka 2010. Tafiti nyingi, za Sweden na Australia miongoni mwa nyingine, zimeonyesha kwamba kwa sonona ya kadiri na kwa wasiwasi, njia hiyo huleta nafuu inayokaribiana sana na ya ana kwa ana. Lakini kuna sharti moja: mtu awepo wa kumfuatilia mgonjwa. Wanaoachiwa masomo peke yao huyakatisha kwa wingi zaidi.

Yapo pia mambo ambayo tiba hii haiyawezi peke yake. Mtu aliyepoteza uhusiano na mambo halisi, au aliye katika hatari ya kujidhuru saa ileile, anahitaji watu walio karibu naye. Kwa hiyo mtaalamu mwangalifu, kabla ya yote, humwuliza mgonjwa yuko wapi hasa, na ni nani aliye jirani anayeweza kufika akiitwa. Kwa mgonjwa wa Nunavut jibu la kawaida ni muuguzi wa kijiji.

Kuta, lugha na imani

Mtandao ukipatikana, hubaki suala la mahali pa kuketi. Hesabu ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wainuit wanaoishi katika nchi yao ya asili walikuwa katika nyumba zenye msongamano. Kijana atazungumzaje habari za baba mlevi ilhali baba yuko upande wa pili wa ukuta mwembamba? Hapa chumba kimoja kilichotulia, chenye mlango unaofungwa, katika kituo cha afya au shuleni, kina thamani sawa na setilaiti. Lakini navyo vijiji ni vidogo, na anayeonekana akiingia chumba hicho hujulikana na wote kabla ya jua kuzama.

Kisha kuna lugha. Wainuit wengi husema Kiinuktitut nyumbani, na mtu hulia katika lugha aliyolelewa nayo. Laini ya simu ya dharura ya taifa, 988, iliyoanza Novemba 2023, inajibiwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Laini nyingine, iliyoanzishwa mwaka 2016 kwa ajili ya wenyeji wa asili, huweza kumpatia mpigaji mshauri wa Kiinuktitut akiomba.

Jambo la mwisho ni imani, nayo hujengwa kwa kudumu. Mtaalamu anayeonekana mara mbili kisha akabadilishwa na mwingine humlazimu mgonjwa kufungua jeraha upya kila mara. Huduma zenyewe nazo hufungwa: huduma ya taifa ya intaneti iliyofunguliwa Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, ilikoma Aprili 2024. Ndiyo maana Wainuit wenyewe wamesisitiza kuwafundisha washauri wazaliwa wa vijijini, na kuwapeleka vijana nyikani pamoja na wazee, wajifunze kuwinda, kushona na kusimama juu ya barafu bila woga. Kwao hiyo ni tiba kamili, na mtaalamu wa mbali ni msaidizi wake.

Kwa hiyo umbali unaomtenga mgonjwa na msaada si mmoja. Upo wa kilomita, upo wa ukuta, upo wa lugha, na upo wa imani. Setilaiti hufupisha ule wa kwanza kwa ustadi mkubwa. Zile nyingine tatu hufupishwa na muuguzi anayebaki, mshauri anayesema lugha ya nyumbani, na jirani anayebisha hodi. Mahali ambapo hao wapo, intaneti huwaongezea nguvu. Mahali ambapo hawapo, mgonjwa huachwa na kioo kinachong'aa katika chumba chenye watu wengi.

Kazi ya darasani

1. Setilaiti iko kimo cha kilomita 1,200. Tafuta muda wa mawimbi kupanda na kushuka, kisha linganisha na setilaiti mbili zilizotajwa.

2. Chora duara la dunia na setilaiti iliyo juu ya ikweta. Onyesha kwa nini antena ya Grise Fiord huelekezwa karibu na upeo wa macho.

3. Jadilini: mwanafunzi mwenzenu akisema amechoka kuishi, ni mtu mzima gani katika shule au kijiji chenu atakayeambiwa leo hii, na nani atakaa naye asibaki peke yake?