Geto la kwanza Dar: Maswali ya kuuliza kabla hela ya miezi sita haijatoka mfukoni

Kijana amepata kazi, amechoka kulala sebuleni kwa mjomba, na vijisenti vimekusanyika. Dalali anampeleka Tabata, anamfungulia chumba kilichopakwa rangi juzi tu. "Bosi, changamka. Kuna mtu anakuja na hela yake saa kumi."

Kabla ya saa kumi, kodi imeshalipwa. Wiki ya pili mpangaji anagundua kwamba maji yanatoka mara moja kwa wiki, mita ya umeme ni moja kwa vyumba sita, na geti linafungwa saa nne usiku wakati yeye anatoka kazini saa tano.

Hapo afanye nini? Kuhama ni kuacha hela. Kubaki ni kuvumilia nusu mwaka.

Ndiyo maana kupanga jijini Dar es Salaam kuna kanuni moja kubwa: mpangaji ana nguvu kabla ya kulipa. Akishatoa kodi ya miezi sita, kila anachoomba baada ya hapo kinategemea huruma ya mwenye nyumba. Tanzania iliwahi kuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, lakini ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei na miezi ya kulipia mbele vimebaki kuwa makubaliano ya watu wawili. Jambo ambalo halikukubaliwa mapema ni gumu kulidai baadaye.

Haya ndiyo mambo ya kuangalia na kuuliza wakati hela bado iko mfukoni.

1. Hela ya kuingilia ni zaidi ya kodi

Tuchukue mfano wa chumba cha shilingi 100,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 600,000. Dalali kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo jumla inafika 700,000. Bado hela ya kirikuu ya kubebea vitu, kitasa kipya, godoro, feni na ndoo. Mwenye 600,000 kamili bado hajafika.

Madalali wengine hutoza pia hela ya kuonyesha vyumba, hata kama mteja hajapenda hata kimoja. Iulizwe kabla ya kuanza kuzunguka: ni shilingi ngapi, ni kwa vyumba vingapi, na je, itakatwa kwenye udalali chumba kikipatikana?

Miezi sita nayo si amri. Chumba kikiwa kimekaa wazi muda mrefu, mwenye nyumba anaweza kukubali mitatu. Kuomba hakugharimu kitu, na aombwe mwenyewe badala ya dalali. Dalali anataka biashara iishe leo.

Mtego mwingine uko mbele. Baada ya miezi sita, 600,000 nyingine inatakiwa kwa mkupuo. Anayepokea mshahara mwisho wa mwezi anatakiwa kuanza kuweka pembeni 100,000 tangu mwezi wa kwanza, kana kwamba analipa kodi kila mwezi. Asipofanya hivyo, mwezi wa sita utamkuta anakopa.

2. Chumba cha bei rahisi kinaweza kuwa ghali

Chumba cha 80,000 kilicho ndani sana, mbali na kituo cha daladala au mwendokasi, kinavutia kwenye karatasi. Lakini kama kufika barabarani ni bodaboda ya 1,000 asubuhi na 1,000 jioni, kwa siku 26 za kazi ni 52,000. Chumba hicho sasa ni cha 132,000. Cha 120,000 kilicho karibu na barabara kingekuwa nafuu, na mtu angelala nusu saa zaidi.

Njia bora ni kupima mwenyewe: kutoka pale chumbani hadi kazini, asubuhi ya siku ya kazi, muda ule ule wa kwenda kazini. Foleni ya Jumapili mchana haisemi ukweli.

3. Umeme: mita ni ya nani?

Swali la kwanza ni kama chumba kina mita yake ya LUKU au kinashea. Mita ya peke yake ina raha zake: kila mtu anatumia alichonunua. Mita ya kushea huleta maneno. Mmoja ana friji, mwingine ana pasi na redio kubwa, wa tatu ana taa moja na chaji ya simu, na wote wanachanga sawa.

Kuna na sababu ya bei. TANESCO ina kundi la wateja wa matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao hununua uniti kwa bei ya chini. Vyumba sita kwenye mita moja hupita kiwango hicho kirahisi, hivyo hata mwenye taa moja analipia kwa bei ya juu.

Jambo jingine ni kodi ya majengo. Tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU mtu anaponunua umeme. Anayedaiwa ni mwenye nyumba, lakini anayekatwa ni aliyenunua. Mita ikikaa miezi bila kununuliwa umeme, deni hujikusanya, na mpangaji mpya anaweza kununua umeme wa 5,000 akapata uniti chache za kushangaza. Kwa hiyo aulize: mita ina deni? Na kile kinachokatwa kitarudishwa kwenye kodi ya chumba au la?

4. Maji na choo

Jibu la "maji yapo" halitoshi. Bomba lifunguliwe pale pale. Kisha maswali yafuate: ni maji ya DAWASA au ya kisima? Yana chumvi? Yanatoka siku zipi? Kuna simtanki? Bili inagawanywa kwa vyumba au kwa idadi ya watu? Anayeishi peke yake atalipa sawa na familia ya watu watano?

Mtu sahihi wa kuulizwa ni mpangaji aliyemo humo. Salamu kwanza, halafu: "Dada, samahani, hapa maji yanatoka siku gani?" Dakika tano za maongezi uani zinaweza kueleza mengi kuliko maelezo yote ya dalali.

Kwenye choo cha kushea, hesabu ni ya watu, si vyumba. Na shimo likijaa, gari la kunyonya maji taka linalipiwa na nani? Wengi hugundua kuwa ni wapangaji siku gari limeshafika. Hela ya taka na ya ulinzi wa mtaa nayo iulizwe mapema.

5. Kuta zinasema mvua ilifika wapi

Dar ina mvua za masika kati ya Machi na Mei, na za vuli mwishoni mwa mwaka. Chumba kizuri mwezi wa Agosti kinaweza kuwa bwawa mwezi wa Aprili. Maeneo ya bonde la Mto Msimbazi, kama Jangwani, yamefurika mara nyingi, lakini hata mitaa iliyo mbali na mto ina vichochoro ambavyo maji hujaa.

Dalili zipo. Mstari wa rangi tofauti chini ya ukuta, plasta iliyobanduka karibu na sakafu, kizingiti kilichoinuliwa kupita kawaida, au viroba vya mchanga pembeni ya mlango. Juu, madoa ya kahawia kwenye dari ni bati linalovuja. Rangi mpya iliyopakwa ukuta mmoja tu inastahili swali: huu umekuwaje?

Dirisha nalo liangaliwe. Je, linafunguka? Lina wavu wa mbu? Hewa inapita? Kwa joto la Januari, chumba kisichopitisha hewa kitakula umeme wa feni usiku kucha.

6. Kurudi usiku, na kusikia masharti

Mtaa wa saa nane mchana si mtaa wa saa tatu usiku. Ni vizuri kurudi jioni moja kabla ya kulipa. Njia ina taa? Kuna baa inayopiga muziki hadi alfajiri? Bodaboda wanakubali kuingia hadi mlangoni? Na simu ikiwa ndani ya chumba, mlango umefungwa, mtandao unashika? Anayefanya kazi kwa simu au kusoma kwa simu akikosa hili atakuwa anakaa nje na mbu.

Halafu masharti ya nyumba. Geti linafungwa saa ngapi, na je, kila mpangaji ana ufunguo? Wageni wanaruhusiwa kulala? Mdogo wake akija kutoka mkoani mwezi mzima, kodi itaongezeka? Kupikia mkaa koridoni ni ruksa? Zamu ya usafi ikoje? Mwenye nyumba anaishi humo humo? Hakuna jibu baya hapa. Kibaya ni kulijua jibu wiki ya pili.

7. Anayepokea hela ni mwenye nyumba kweli?

Utapeli wa vyumba unajulikana. Chumba kimoja hulipiwa na watu wawili au watatu, kila mmoja akiahidiwa funguo kesho. Au mpangaji anayekaribia kuhama anajifanya mwenye nyumba, anachukua kodi na kuondoka.

Kinga ni rahisi. Kwanza, kufika ofisi ya serikali ya mtaa na kuuliza kama nyumba ile ni ya mtu huyo. Mwenyekiti au mjumbe wa eneo kwa kawaida anawafahamu wenye nyumba. Pili, kumwona mwenye nyumba ana kwa ana na kuona kitambulisho chake. Akiwa anaishi mbali, msimamizi aonyeshe idhini ya maandishi. Tatu, kutotuma "hela ya kushikilia chumba" kwa namba ya mtu ambaye hajaonekana. Nne, hela na funguo zibadilishane mikono siku moja.

Hata baada ya kuhamia, tahadhari inaendelea. Ule ujumbe wa "mimi mwenye nyumba wako, ile hela ya kodi tuma kwenye namba hii" hutumwa ovyo kwa maelfu ya simu, na humpata ambaye kweli anadaiwa kodi. Usijibiwe. Apigiwe mwenye nyumba kwa namba yake ya siku zote, na ujumbe uripotiwe kupitia namba 15040.

8. Mkataba, hata kwa mtu mwema

Wapangaji wapya wengi huona aibu kudai mkataba. Mama mwenye nyumba amewapokea vizuri, amewaita "mwanangu", unamwambiaje habari za karatasi? Lakini mama akisafiri au akifariki, anayebaki ni mtoto wake ambaye hakuwepo siku ya maelewano. Karatasi inamlinda hata yeye.

Mkataba mzuri una majina kamili na namba za vitambulisho, chumba kinachopangwa, kodi kwa mwezi, kiasi kilicholipwa, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Uandike pia notisi ya kuhama ni ya muda gani, kodi itaweza kupanda lini, matengenezo yapi ni ya nani, na mpangaji akihama kabla ya muda, hela iliyobaki inarudi au hairudi. Kila upande uwe na shahidi na nakala. Watu wengi hupeleka mkataba ukagongwe muhuri kwa serikali ya mtaa.

Wanaochanga wawili, majina yote mawili yaingie. Jina likiwa moja, mwingine ni mgeni tu siku wakikosana.

Hela ikipita benki au kwa simu, ujumbe wa muamala utunzwe. Ikitolewa taslimu, risiti iandikwe. Na kabla godoro halijaingia, picha zipigwe: kioo kilichopasuka, kitasa kibovu, sinki linalovuja. Picha zenye tarehe zitaamua nani alivunja nini.

9. Mambo yakiharibika

Kwanza ni kuongea, kisha kuandika. Wakishindwana, serikali ya mtaa huwa ya kwanza kuwakutanisha, na Baraza la Kata lina kazi ya kupatanisha. Likishindikana, kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako ndiko migogoro ya upangaji husikilizwa. Kote huko swali la kwanza litakuwa lile lile: mkataba uko wapi?

Kuna faida moja ya kuuliza mapema ambayo haiandikwi popote. Mwenye nyumba anayejibu maswali kumi kwa utulivu, hata kama majibu mengine si mazuri, ni mtu ambaye mtaweza kuongea naye bati likivuja. Anayekasirika kwa kuulizwa habari za maji kabla hajapokea hata shilingi ameshaonyesha atakavyokuwa akiipokea.

Na yule "mtu wa saa kumi" wa dalali? Aachwe achukue chumba. Dar ina vyumba vingi, ila kodi ya miezi sita ni jasho la muda mrefu.