SHIMO LA MAWE LAWEZA KUWA ZIWA

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mashimo ya siku hizi hayaifuati methali hiyo. Mchimbaji huondoka na kokoto zake, na anayeingia ni mtoto wa jirani aliyekwenda kuoga baada ya mvua.

Hapa kwetu Mtwara mawe ya chokaa ni mali. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilichofunguliwa mwaka 2015 kinayatumia, na sisi wenyewe tunajenga kwa kifusi na kokoto. Sisemi tusichimbe. Ninachouliza ni hiki: tukishachimba, tunaacha nini?

Jibu moja liko Bamburi, Mombasa. Kiwanda cha saruji cha huko kilianza kazi mwaka 1954 na kuacha jangwa la mawe makavu. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alijaribu kupanda aina 26 za miti. Tatu tu ndizo zilizostawi, mmojawapo ukiwa mvinje tunaoujua sote wa pwani. Majani yake yalipodondoka, jongoo waliyatafuna yakawa udongo. Yakafuata mabwawa ya samaki na viboko, na mwaka 1984 wageni wakafunguliwa mlango. Leo mahali hapo panaitwa Haller Park.

Basi ziwa la kupumzikia hutengenezwaje? Kwanza ni maji. Jiwe la chokaa la pwani lina matundu, halishiki maji kama chungu. Maji unayoyaona shimoni mara nyingi ni yale ya chini ya ardhi, ambayo hupanda wakati wa mvua na kushuka kiangazi. Kwa hiyo kina kipimwe mwishoni mwa kiangazi. Ziwa lililopimwa Machi laweza kuwa tope ifikapo Novemba. Aidha, karibu na bahari maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi. Ukichimba mno, au ukiyavuta kwa pampu bila kiasi, chumvi hupanda na visima vya majirani huharibika.

Pili ni kingo. Ukuta wa mawe uliosimama wima ndio unaoua, kwa sababu aliyeteleza hana pa kukanyaga. Kwa kila mita moja ya kina, mteremko uende mita tatu au zaidi, na mahali pa kuogelea uwe wa taratibu zaidi, ili mtoto akiingia aweze kusimama na kurudi. Mawe yasiyofaa kiwandani ndiyo yajaze kingo hizo. Kazi hii ifanyike magreda yangali shimoni. Yakishaondoka, nani atalipa kuyarudisha?

Tatu ni afya. Mbu hupenda maji yaliyotulia yenye majani kingoni. Basi majani yakatwe, na perege wapandikizwe wale viluwiluwi. Vyoo vijengwe mbali na maji, kwani kichocho huanzia kwa binadamu anayejisaidia majini, kikapitia kwa konokono, kikamrudia binadamu.

Wako watakaosema ziwa la starehe ni anasa. Waulizeni wakazi wa mlango wa Ruvuma, ambako mto una mamba na viboko. Mahali salama pa mtoto kujifunza kuogelea katika maji baridi si anasa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua wajibu wa kurejesha mazingira yaliyoharibiwa. Hata hivyo, sheria haihudhurii mkutano wa kijiji. Wanaohudhuria ni sisi. Mchimbaji anapokuja kuomba eneo, tusiishie kuuliza ajira ngapi. Tumwombe pia mchoro wa shimo siku atakapolifunga: kingo zake, kina chake, na nani atakayelitunza. Akiwa bado anatuhitaji, atauchora. Akishaondoka, tutabaki na shimo.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.