Kurejesha Kiyeyushi cha Pareto: Moto Mkali Hauharakishi Kazi

Bonde la Kilombero ni tambarare, hufurika wakati wa masika, na mashamba yake ya mpunga huacha maji yaliyotuama kwa miezi. Mbu hawahitaji zaidi ya hayo. Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alipofungua maabara ya utafiti mjini Ifakara mwaka 1957, hakukosa kazi. Katika miaka ya mwisho ya 1990 mradi wa KINET ulisambaza vyandarua vilivyotiwa dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha ya kuwa vyandarua hivyo viliambatana na ongezeko la asilimia 27 la uwezekano wa kuishi kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4.

Dawa ya vyandarua hivyo hutengenezwa viwandani, lakini kielelezo chake ni ua. Wanakemia waliounda dawa za aina hiyo, kama Michael Elliott wa Uingereza aliyetengeneza paremethrini mwaka 1973, waliiga umbo la sumu iliyomo katika ua la pareto. Pareto yenyewe haistawi Ifakara, kwa maana huhitaji baridi ili ichanue. Hulimwa katika nyanda za juu, na kiwanda chake kiko Mafinga, wilayani Mufindi, ambako milima huteremka ghafla hadi kwenye bonde la Kilombero. Pareto ya asili bado inatafutwa, hasa kwa dawa za kupuliza majumbani, kwa sababu huharibika upesi katika jua na haidumu katika mazingira.

Sifa hiyo inayoipendezesha nje ya kiwanda ndiyo inayoisumbua ndani yake.

Katika ua lililokaushwa sumu hiyo, iitwayo pairethrini, ni kama asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito. Njia iliyozoeleka ya kuitoa ni kulowesha maua yaliyosagwa katika heksani, kioevu chepesi cha jamii ya haidrokaboni kitokanacho na mafuta ya petroli. Heksani huyeyusha pairethrini pamoja na nta na mafuta ya ua. Kisha hapana budi iondolewe yote, ipoozwe, na irudishwe katika tangi ili iloweshe maua mengine. Mzunguko huu ni wa kufungwa kabisa. Heksani ni ghali, huathiri mishipa ya fahamu ya mtu aivutaye kwa muda mrefu, na mvuke wake, ambao ni mzito karibu mara 3 kuliko hewa, hutambaa sakafuni ukitafuta cheche. Hewa yenye asilimia 1.1 tu ya mvuke huo yaweza kuwaka.

Mzunguko ukienda polepole, maua hungoja ghalani na nguvu yake hupungua. Mwendeshaji wa mtambo hushawishika kufungua zaidi bomba la mvuke wa maji uchemshao heksani. Mwanzoni atafanikiwa, kwa kuwa heksani huchemka kwenye nyuzi 69 za Sentigredi, na kwa kila kilo huhitaji joto kama sehemu moja ya saba ya lile lihitajiwalo na maji. Lakini kadiri kiyeyushi kinavyopungua ndivyo mchuzi unavyozidi kuwa mzito kama asali, na joto hupenya kwa shida. Sehemu ndogo ya mwisho huwa ndiyo yenye kuchelewesha. Akiongeza moto wakati huo, pairethrini iliyo karibu na ukuta wa chungu hugeuka umbo na kupoteza nguvu ya kuua wadudu. Mkulima hulipwa kwa kadiri ya pairethrini iliyomo katika maua yake. Kinachoungua chunguni kimekwisha kulipiwa.

Dawa ya tatizo hili ni kupunguza msukumo wa hewa ndani ya mtambo kwa pampu ya kufyonza. Msukumo ukishuka hadi kupita kidogo theluthi moja ya ule wa usawa wa bahari, heksani huchemka kwenye nyuzi 40. Tena, badala ya kuuchemsha mchuzi katika chungu kirefu, huachwa utiririke kama utando mwembamba kwenye kuta za mabomba yenye joto, ukapita upesi na kutoka kabla haujaharibika.

Hapa ndipo wengi husahau upande wa pili wa mtambo. Mvuke uliotoka chunguni haujarejeshwa mpaka ugeuke kuwa kioevu. Hata mpikaji wa gongo, ambaye kazi yake imekatazwa na sheria, analijua jambo hili: maji ya kupoozea bomba yakipata moto, kinachotoka ni mvuke unaopotea, na kuongeza kuni ni kuongeza hasara. Ili kupooza kilo 100 za mvuke wa heksani yahitajiwa takriban kilo 800 za maji, ikiwa maji hayo yataruhusiwa kupanda joto kwa nyuzi 10. Yakiruhusiwa kupanda kwa nyuzi 5 tu, yatahitajiwa mara mbili ya hayo.

Msomaji na achukulie mitambo miwili iliyo sawa, mmoja Mafinga wenye maji ya nyuzi 17, na mwingine Ifakara wenye maji ya nyuzi 27. Waendeshaji wote wawili wakishusha msukumo hadi sehemu moja ya tano ya kawaida, heksani itachemka kwenye nyuzi 25. Yule wa Mafinga ataendelea kukusanya kiyeyushi, ijapokuwa kwa nafasi finyu. Yule wa Ifakara hatapata hata tone: maji yake ni ya moto kuliko heksani inayochemka, na pampu itafyonza mvuke na kuutupa nje. Kwake yeye kupunguza msukumo kupita kiasi ni kosa lile lile la kuongeza moto, ila limevaa nguo nyingine.

Adui mwingine ni hewa. Huingia imefichwa katika maua makavu, au kupitia kiungo kilicholegea. Hewa haigeuki kioevu. Hujikusanya kwenye bomba baridi kama blanketi, na mvuke hulazimika kupenya humo polepole. Kiasi kidogo tu chatosha kupunguza sana kazi ya kipoozeo. Kwa hiyo hewa hufukuzwa kwanza, na tundu la kuitolea huwekwa mwisho wa kipoozeo palipo baridi zaidi. Hewa itokayo hupitishwa katika mafuta baridi yanayonasa heksani iliyosalia.

Yabaki machicha. Nayo yamelowa kiyeyushi, na hupulizwa mvuke wa maji hadi yakauke, kwani baadaye hutumiwa kutengenezea udi wa mbu au kulishia ng'ombe. Kazi hii hutoa mvuke mwingi kwa mkupuo. Ikifanywa wakati mchuzi nao unachemshwa, kipoozeo kimoja huelemewa na kila kitu husimama. Kuzipishanisha kazi hizo mbili kwa saa chache hakugharimu chochote. Mwendeshaji aonaye ya kuwa mtambo wake ni mzito na atazame kwanza kipimajoto cha maji yatokayo kwenye kipoozeo, kabla mkono haujagusa bomba la mvuke.