Sura ya Sita: Timu Zisizolingana, Shindano Lililo Sawa

Kutoka Ikulu ya Magogoni hadi kiwanja cha gofu cha Dar es Salaam Gymkhana ni mwendo mfupi wa miguu, na kutoka hapo hadi Kariakoo bodaboda haichukui muda. Siku ya shindano la timu, kiwanja hicho huwakutanisha watu ambao siku nyingine kila mmoja ana njia yake. Kuna mwanajeshi aliyekuja kutoka Lugalo, ambako kiwanja cha gofu ni cha Jeshi la Wananchi. Kuna muuza vitenge wa Kariakoo, mhasibu wa benki, mama aliyeshika fimbo ya gofu kwa mara ya kwanza watoto wake walipokwisha kuoa, na kijana aliyejifunza mchezo huku akiwabebea wengine mikoba. Enzi za ukoloni mchezo huu ulikuwa wa Wazungu, na Mwafrika aliingia kiwanjani kama kedi, yaani mbeba mikoba. Mabingwa wengi wa Afrika Mashariki walianza wakiwa makedi, kwa fimbo za kuazima.

Sura hii ni ya yule atakayeambiwa na klabu au na kampuni yake: "Tupangie shindano la timu." Kazi yake ngumu haiko kwenye kutafuta wadhamini wala kuchapisha fulana. Ni kuhakikisha kwamba timu yenye mchezaji hodari mmoja na wanafunzi watatu inaweza kushinda au kushindwa na timu ya wachezaji wanne wa wastani, na kwamba wote wawili, mshindi na aliyeshindwa, wanarudi nyumbani bila kinyongo.

Handikapu ni nini hasa

Handikapu ni idadi ya mikwaju anayopewa mchezaji ili apunguziwe kwenye hesabu yake. Tangu Januari 2020 nchi nyingi zimeanza kutumia mfumo mmoja wa dunia, ulioundwa na R&A pamoja na USGA, vyombo viwili vinavyosimamia sheria za gofu. Mfumo huo huchukua kadi 20 za mwisho za mchezaji, huchagua 8 zilizo bora, kisha hutafuta wastani wake. Kiwango cha juu kabisa ni 54.0, kwa wanaume na kwa wanawake.

Waandaaji wengi hulisahau jambo moja: handikapu haipimi kiwango cha kawaida cha mchezaji. Inapima uwezo wake siku anapocheza vizuri. Mwenye handikapu 18 hapigi mikwaju 18 juu ya pari (idadi ya mikwaju iliyowekewa shimo au kiwanja) kila Jumamosi, na mara nyingi huzidisha. Kadi yake mbovu haimaanishi kwamba amedanganya.

Jambo la pili ni kwamba namba iliyo kwenye simu ya mchezaji siyo anayochezea siku hiyo. Kila kiwanja kina makadirio mawili. La kwanza linaonyesha mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji mwenye handikapu sifuri. La pili, liitwalo slopu, linaonyesha jinsi kiwanja kinavyomtesa mchezaji wa kawaida zaidi ya hodari. Slopu huanzia 55 hadi 155, na 113 ndiyo ya kiwango. Unazidisha namba ya mchezaji kwa slopu, unagawanya kwa 113, kisha unaongeza tofauti kati ya kadirio la kwanza na pari ya kiwanja. Chukua mchezaji mwenye 18.0 katika kiwanja chenye slopu 130, kadirio 71.2 na pari 72. Hesabu inatoa 19.9, kwa hiyo anapata mikwaju 20. Kwa njia hiyohiyo wanawake wanaoanzia mbele na wanaume wanaoanzia nyuma wanaweza kuwa timu moja, mradi kila mmoja ahesabiwe kwa makadirio ya mahali anapoanzia.

Kwa nini timu inahitaji hesabu yake

Watu wengi hudhani kwamba kila mmoja akishapewa handikapu yake, timu zote zimekuwa sawa. Sivyo. Shindano la timu huchagua matokeo bora na kutupa mabaya, na uchaguzi huo humpendelea mchezaji anayeyumba.

Mfikirie mwanafunzi mwenye handikapu 30. Katika shimo moja anapiga mikwaju tisa, katika lifuatalo mpira unaingia kwa minne. Akicheza peke yake, yale mashimo mabaya yanamrudisha chini. Akiwa ndani ya timu inayohesabu matokeo mawili bora kati ya manne, mashimo mabaya yanafunikwa na wenzake na mazuri yanahesabiwa yote, pamoja na mikwaju yake ya nyongeza. Mchezaji hodari hana miyumbo hiyo: yeye hupata pari, pari, pari.

Ndiyo sababu mfumo wa dunia unapunguza handikapu kulingana na idadi ya matokeo yanayochaguliwa. Likihesabiwa tokeo moja bora kati ya manne katika kila shimo, kila mchezaji anapewa asilimia 75 ya handikapu yake. Yakihesabiwa mawili, asilimia 85. Yakihesabiwa matatu au yote manne, asilimia 100. Kadiri unavyotupa matokeo mengi, ndivyo unavyopaswa kubana handikapu.

Katika skrambo hali ni nyingine. Hapo wachezaji wote wanne wanapiga, wanachagua mpira uliokaa vizuri kuliko yote, kisha wote wanapiga tena kutoka mahali hapo mpaka shimo liishe. Klabu nyingi hujumlisha handikapu za timu na kuchukua sehemu ya kumi. Ni hesabu nyepesi, lakini ina kasoro. Chukua timu mbili. Ya kwanza ina wachezaji wenye 4, 18, 24 na 36. Ya pili ina 19, 20, 21 na 22. Jumla ya kila moja ni 82, kwa hiyo kila moja ingepewa mikwaju 8. Lakini timu ya kwanza ina mtu ambaye mpira wake utachaguliwa karibu kila mara. Mfumo wa dunia unampa mwenye handikapu ndogo kuliko wote asilimia 25 ya handikapu yake, wa pili 20, wa tatu 15, wa nne 10. Kwa hesabu hiyo timu ya kwanza inapata 12 na ya pili 14. Mikwaju hiyo miwili ndiyo gharama ya kuwa na hodari.

Uchague mtindo gani

Skrambo inafaa siku ya kampuni, wageni wengi wanapokuwa hawana handikapu kabisa. Inachangamsha, na hakuna anayeaibika. Lakini mwanafunzi anaweza kumaliza mashimo 18 bila mpira wake kutumika hata mara moja.

Kwa shindano lenye uzito, napendekeza alama za Stableford. Daktari Frank Stableford aliziingiza katika mashindano mwaka 1932 huko Wallasey, Uingereza. Baada ya kuondoa mikwaju ya handikapu, pari inatoa alama 2, mkwaju mmoja juu ya pari alama 1, mmoja chini alama 3, miwili chini alama 4. Miwili juu au zaidi ni sifuri. Aliyeharibu shimo anaokota mpira na kuendelea, kwa hiyo shimo moja baya halimuui na kundi la nyuma halisubiri. Hesabu matokeo matatu bora kati ya manne katika kila shimo, kwa handikapu kamili. Hapo hodari mmoja hatoshi kuibeba timu, na yule wa nne anajua kwamba mwenzake akiteleza, zamu ni yake.

Jihadhari na mitindo ya kubuni. Ukisema shimo hili tunahesabu mmoja, lile watatu, lile mwanamke lazima ahesabiwe, umepata burudani, lakini umepoteza asilimia zilizopimwa. Hutajua tena nani umempendelea.

Kuunda timu

Ukiwaachia watu wajichagulie, marafiki hodari watakaa pamoja na wageni watabaki mwisho. Panga majina yote kwa handikapu, kuanzia ndogo hadi kubwa, ugawe mafungu manne, kisha kila timu ichukue jina moja kwa kura kutoka kila fungu. Kura ifanyike mbele ya watu.

Kabla ya hapo, kagua handikapu zenyewe. Mizani ya muuza mchele wa Kariakoo haiaminiki kwa sababu inang'aa, inaaminika kwa sababu Wakala wa Vipimo wameikagua. Handikapu nayo iwe hivyo. Taka namba iliyo kwenye mfumo, angalia kadi zake za mwisho ni za lini, na weka tarehe ya kufunga mabadiliko. Kamati inaruhusiwa kuweka ukomo wa handikapu katika masharti ya shindano. Asiye na handikapu acheze, ila asigombee kombe kuu. Mwekee zawadi yake.

Siku yenyewe

Dar es Salaam ina upepo wa bahari na jua kali. Aliyeanza saa moja asubuhi na aliyeanza saa sita mchana hawakucheza kiwanja kimoja. Dawa ni kuwaanzisha wote kwa wakati mmoja, kila kundi katika shimo lake. Kundi moja la watu wanne kwa kila shimo ni wachezaji 72.

Usiiache timu moja icheze peke yake na kujiandikia kadi. Changanya wawili wa timu hii na wawili wa timu ile katika kundi moja, kila mmoja aandike kadi ya mpinzani. Katika skrambo, ambako timu lazima iwe pamoja, mpe kila kundi mwandishi kutoka nje. Makedi nao wagawiwe kwa kura: kedi anayekijua kiwanja anaokoa mikwaju, na haifai hodari wote wachukuliwe na walio na mfuko mnene.

Timu zikilingana, hesabu mashimo 9 ya mwisho, kisha 6, kisha 3, kisha la 18. Kwa kuwa makundi yalianzia mashimo tofauti, andika mapema kwamba "ya mwisho" maana yake ni shimo la 10 hadi la 18, popote timu ilipoanzia. Sharti hili likitangazwa baada ya kadi kurudi, halitakuwa sharti tena, litakuwa upendeleo.

Zawadi nazo zina sheria. Tangu 2022, mchezaji wa ridhaa hapaswi kupokea fedha taslimu katika shindano la handikapu, na thamani ya zawadi haipaswi kuzidi dola 1,000 za Marekani. Mfadhili mwenye bahasha ya noti aelezwe mapema, kwa heshima. Timu moja isichukue kombe la handikapu na la bila handikapu kwa pamoja, na zawadi zifike mpaka nafasi za chini.

Mratibu, andika yote haya katika karatasi moja: mtindo, asilimia, tarehe ya handikapu, ukomo, kura, namna ya kuvunja sare, zawadi. Ibandike kwenye ubao wa klabu wiki moja kabla, na kamati nzima iitie sahihi. Siku ya shindano usiibadilishe hata akiomba mdhamini.