Meseji yenye mishale miwili: ni mvula ya wapi?



Tuseme mwezi wa tatu meseji inaingia katika gurupu ya WhatsApp: «Mvula imeanza, wakulima pandeni mahindi sasa!» Picha ya shamba iko, Kiswahili ni kizuri. Na inaweza kuwa ya kweli kabisa, kwani kule Kenya (nchi, si komine yetu!) mvula za masika zinaanza mwezi wa tatu. Lakini huku Haut-Katanga mvula inakwisha mwezi wa nne. Ukipanda wakati huo, mahindi yatatoa maua katika ukavu. Pesa ya mbegu na mbolea imekwenda, na hakuna mutu aliyekudanganya.

Ndivyo kinavyofanya kitufe cha kutuma mbele. Meseji inaondoka bila jina la aliyeiandika, bila tarehe yake ya kwanza, bila mahali. Inafika na jina lako wewe, na wenzako wanaiamini kwa sababu wanakujua. Mama mmoja akiuliza «ni mbegu gani?», nani atamujibu? Mwenye kuandika hayuko katika gurupu. Basi watu wanaweka vidole gumba tu, mazungumzo yanakufa.

WhatsApp wenyewe waliona hatari. Mwaka 2019 waliweka kikomo cha kutuma mbele kwa watu au gurupu 5 kwa mara moja. Tangu Aprili 2020, meseji yenye mishale miwili, yaani iliyopita mikononi mwa watu wengi, unaituma pahali pamoja tu kila mara. Mishale haisemi ni uongo. Inasema imetoka mbali.

Bei nayo ni vilevile. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka kwa siku chache, Kasumbalesa pia. Habari hiyo ikirudi leo bila tarehe, mutu ataficha mifuko yake akingoja bei ipande ku soko ya Kenya, kumbe malori yanapita.

Meseji yenye faida ni ile unayoandika mwenyewe, ao unayosema kwa sauti: «Leo, Kipushi, nimekuta viwavi katika mahindi ya wiki tatu», na picha. Hapo mwenzako anaweza kuuliza, nawe unajibu.

Kwa dawa mimi ni mkali zaidi. «Kifuniko kimoja kwa pompi»: kifuniko cha chupa gani? Pompi ya lita ngapi? Kipimo kama hicho usikitume mbele. Piga picha ya etiketi ya chupa uliyonunua, isomeke vizuri, utume hiyo.