Mpasuo wa Koti na Salamu ya Ufipa

Yupo katika mji wa Sumbawanga fundi cherehani mmoja ambaye, aletewapo koti kuukuu la Ulaya apate kulipunguza mabega au kulibadili bitana, huligeuza kwanza mgongo, akaupima kwa vidole mpasuo wake wa nyuma, kisha akamwuliza mwenyewe swali ambalo kwa dhahiri halina nasaba na ushonaji: "Una wakwe?" Mteja akijibu kuwa anao, mpasuo huongezwa urefu wa vidole vinne, akijibu kuwa bado hajaoa, huongezwa vilevile, maana fundi huyo ni mtu wa kutazama mbele, na mshono, kwa itikadi yake, haungoji posa.

Mimi nilifika hapo kwa haja ya kifungo tu. Swali hilo nililisikia akiulizwa kijana aliyekuja na koti la rangi ya kijivu, na tangu saa ile sikuweza kulisahau, kwa kuwa lilikata kwa mkasi shauri ambalo wapenzi wa mavazi ya kale katika miji mikubwa ya dunia hulijadili kwa maneno mengi: je, avaaye libasi ya zama zilizopita anawajibika kuchukua na murua wa zama hizo?

Kwa desturi iliyowalea watu wa nyanda hizi za Ufipa, mdogo hamsalimu mkubwa wake akiwa amesimama wima. Huchuchumaa, akapiga makofi taratibu huku salamu ikipokezana, na awapo mbele ya wakwe hushuka chini zaidi na kukaa huko muda mrefu zaidi, kwa kuwa salamu ya taadhima haina haraka: huulizwa hali ya mtu, na ya nyumba, na ya mashamba. Koti la Uingereza la miaka ya 1950 au 1960, kwa upande wake, lilikatwa kwa ajili ya mtu asimamaye: mtu anyooshaye mkono wa kulia, ainuaye kofia, avutaye kiti kwa ajili ya bibi. Hapana mkata nguo wa London wala wa Leeds aliyefikiri, alipokuwa akichora kwa chaki, kwamba siku moja kazi yake ingechuchumazwa.

Likichuchumazwa hali limefungwa vifungo, kifua chake hupanda hadi kidevuni, kola huyapita masikio, mshono wa mgongo hukaza mpaka ukalia, na bitana, ambayo aghalabu ndiyo iliyochoka kuliko vyote, hutatuka kutoka kwapani hadi kiunoni. "Bwana harusi mmoja lilimpasukia mbele ya mama mkwe," alinisimulia fundi. "Kuanzia hapo akawa anainama nusu tu. Wakasema ana kiburi. Hakuwa na kiburi, mwanangu. Alikuwa na mpasuo mfupi."

Nilimwomba anionyeshe namna afanyavyo, naye akalifumua koti lile la kijivu mbele yangu. Ndani ya kifua, kati ya kitambaa na bitana, mlikuwa na kitambaa kingine kigumu, kilichofumwa kwa singa za farasi na kushikizwa kwa mishono midogo ya mkono isiyohesabika, ambayo ndiyo ilipayo koti la kale ule mkao wake wa staha hata likiwa limetundikwa msumarini. Makoti ya siku hizi, aliniambia, kifua chake hubandikwa kwa gundi, na gundi ikipata moto wa pasi ya mkaa hutoa malengelenge. Kisha akanionyesha kilicho azizi zaidi kwake: kandokando ya mishono mikubwa, fundi wa kwanza alikunjia ndani kitambaa cha akiba, upana wa vidole viwili na zaidi, ili mwenye koti akinenepa lipate kutanuliwa. Akiba hiyo ndiyo mtaji wa fundi wa Sumbawanga. Huufumua mshono wa mgongo kuelekea juu, akaitumia akiba kuwa ulimi wa mpasuo, na isipotosha huchukua kipande cha rangi ya karibu kutoka koti ambalo halifai tena kuvaliwa. Mwisho hukaza kilele cha mpasuo kwa mishono ya mkono, kwani hapo ndipo uzito wote wa salamu unapoangukia.

Kazi ikiisha, mteja hulivaa na kufundishwa. Kifungo cha chini hufunguliwa kabla ya kushuka, si baada yake, mkono wa kushoto huitenga mikia ya koti, mmoja huku na mmoja huko, mtu hushuka, mikono yote miwili huwa huru kwa makofi. Kijana alijaribu, fundi akamrudisha juu kwa sababu alifungua kifungo akiwa tayari amekwisha kuinama, na hilo, kwa neno la fundi, ni kumwonyesha mkwe kuwa umemkumbuka umechelewa.

Nikamwuliza iwapo haoni kwamba koti limekuja na adabu zake, na kwamba huenda anaziharibu kwa mkasi. Alicheka. "Watu hudhani adabu zimo mfukoni, kama barua. Mimi nimeifungua hiyo mifuko yote. Nilichokuta ni tikiti ya treni na vumbi." Akanifunulia mfuko wa ndani wa koti la kijivu: palikuwa na kitambulisho kidogo kilichoshonewa hapo, kama walivyozoea mafundi wa Uingereza wa suti za kupimisha, chenye jina la mteja na tarehe ya mwaka 1961. "Huyu hakuwa na mkwe Ufipa," alisema, akaufunga mfuko. Kitambulisho hakukitoa, na desturi yake ni kutokitoa, kwa heshima, asema, ya mkono uliokishona.

Kisa cha kufika kwa makoti haya kinajulikana kwa kila msomaji. Yalipolegezwa masharti ya biashara katikati ya miaka ya 1980, mitumba, ambayo watu waliipachika jina la kafa Ulaya, ilifurika masokoni. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuikomesha ifikapo 2019, Marekani ikatishia kuondoa nafuu za kibiashara, na azimio hilo likafifia, isipokuwa Rwanda iliyoshikilia kodi yake. Juu ya uwanda huu, ulio karibu mita 1,800 juu ya bahari, koti ni hifadhi kabla ya kuwa fahari.

Wala si Ufipa pekee palipoulizwa vazi lifuatane na mwenendo gani. Ng'ambo ya mpaka wa Zambia, huko Luanshya, mtaalamu J. Clyde Mitchell aliandika mwaka 1956 juu ya ngoma ya kalela ya Wabisa, ambamo vijana nadhifu walicheza wakiwa na "daktari" wao mwenye joho jeupe, na "muuguzi" aliyepita na kioo na leso ili mchezaji ajitazame na kufuta jasho. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na mbali zaidi, masape, wale wapenzi wa mavazi maridadi wa Kinshasa na Brazzaville, wamejiwekea kanuni kuwa avaaye vizuri asipigane wala asitukane. Na sisi wenyewe tulipata kujaribu njia ya amri: Oktoba 1968 vijana wa TANU waliazimia Operesheni Vijana, na tangu Januari 1969 sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana zikapigwa vita, kwa dhana kwamba nguo ikisahihishwa tabia nayo itasahihika.

Katika hayo yote mavazi hutangulia na adabu hufuata. Kwa fundi wangu adabu imetangulia, na vazi ndilo lililoitwa lije kupimwa. Nakiri moyo wangu uko upande wake, na sababu haitoki katika makoti bali katika maneno aliyoyasema huku akitafuta sindano. Baba yake, katika zama za Mwingereza, alikuwa mtumishi wa nyumbani. "Kila jioni alilipokea koti la bwana wake, akalipiga brashi, akalitundika. Koti lilishikwa kwa heshima. Baba akaitwa boi mpaka mvi zikamtoka." Atakaye kuzifufua adabu za koti hilo hana budi kusema ni zipi, maana aliyemvutia bibi kiti kwa upole ndiye huyohuyo aliyemwita mtu mzima boi, wala hakuona kuwa amevunja murua wowote.

Liko vazi la kale zaidi ambalo juu yake fundi hana la kusema. Kabla ya kitambaa cha dukani kuufuta, Ufipa ilikuwa na ufumaji wake. Pamba ililimwa, hasa bondeni Rukwa, na wanaume walifuma nguo nzito za seketa, zikavaliwa na kuuzwa mbali. Nilimwuliza fundi jinsi mtu aliyejifunga seketa alivyochuchumaa, na pindo alilikusanya kwa mkono gani. Alifikiri kitambo, akasema hajui, na kwamba hajapata kuishika.

Jirani naye kuna bibi auzaye magauni ya mitumba, baadhi yake ya kiuno kilichobanwa na sketi pana, ya mitindo iliyopendwa Ulaya kabla yeye hajazaliwa. Huyavaa mwenyewe, tena kwa haiba. Nilimwuliza hufanyaje aendapo kwa wakwe, akanijibu kwamba hujifunga kanga juu ya gauni, akapiga magoti, akasalimu. Na gauni lenyewe halionekani tena mpaka arudi barabarani. Kwa hiyo adabu ile ile imelikata upya koti la mwanamume ili aendelee kuonekana nalo, na gauni la mwanamke imelifunika. Nililipeleka jambo hilo kwa fundi. Aliiweka chini pasi, akaniambia kuwa tangu aanze kazi hapana mwanamke aliyemletea gauni kwa ajili ya salamu, na kwamba akiletewa atalipima. Nikarudi kwa bibi na jawabu hilo. "Na mimi nani aliniambia kuwa gauni nalo hukatwa?" aliuliza, kisha akamgeukia mteja wake.